Saladi ya Maharagwe kwa Mfanya Kazi

Maneno yaliyosomwa na mwanachama mmoja, mfanya kazi wa reli, mbele ya mkutano wa tawi



Kazi yangu, kama mjuavyo, ni kuunganisha mabehewa. Mimi si mpishi wa hoteli. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni. Lakini nimekaa miaka mingi katika nyumba za kazi, nikipika mwenyewe kwa jiko moja na sufuria mbili, na tarehe 20 ya mwezi ninaijua kama mnavyoijua ninyi. Basi leo nataka kusema juu ya chakula kimoja tu, yaani saladi ya maharagwe na mboga mbichi. Nitaeleza kwa nini chatufaa, namna ya kukitengeneza, na namna ya kukichukua kazini bila kujidhuru. Mwisho nitasema neno juu ya mshahara, maana hatuwezi kuzungumza habari za chakula katika mkutano wa chama tukaacha kugusa mshahara.

Jina hili la saladi lisiwatishe. Si chakula cha matajiri. Watu wa pwani na watu wa bara wote wanaijua kachumbari: nyanya, kitunguu, pilipili, dania, chumvi na ndimu. Saladi ninayoisema ni kachumbari hiyo hiyo iliyochanganywa na maharagwe yaliyopikwa. Tofauti ni kwamba kachumbari huwekwa pembeni ya sahani, lakini hii ndiyo sahani yenyewe. Mtu akila hii na ugali au chapati, ameshiba.

KWA NINI MAHARAGWE

Mwili wa mtu wa kazi unataka vitu vitatu. Unataka chakula cha kutia nguvu, kama ugali. Unataka chakula cha kujenga mwili, ambacho wataalamu hukiita protini. Tena unataka chakula cha kulinda mwili, nacho ni mboga na matunda. Sisi wengi tunapata cha kwanza, na viwili vya mwisho vinatupita, hasa mwezi unapokwisha. Ugali na chai, chai na mkate: tumbo linajaa, lakini mwili unadhoofika.

Maharagwe makavu yana kiasi cha gramu 20 za protini, au zaidi kidogo, katika kila gramu 100. Nyama ya ng'ombe mbichi ina karibu kiasi hicho hicho. Maana yake ni kwamba nusu kilo ya maharagwe makavu haipitwi kwa protini na nusu kilo ya nyama. Nendeni sokoni mkaulize bei ya kila moja, halafu mfanye hesabu wenyewe. Tena maharagwe na mahindi husaidiana: kile kinachopungua katika protini ya mahindi kimo katika maharagwe, na kile kinachopungua katika maharagwe kimo katika mahindi. Wazee wetu waliokula githeri hawakusoma vitabu vya chakula, lakini walijua wanachofanya.

Ndani ya maharagwe mna pia madini ya chuma, ambayo huongeza damu. Lakini madini hayo hayaingii mwilini kwa urahisi yakiwa peke yake. Yanataka vitamini C iyasaidie. Na vitamini C imo katika nyanya, ndimu, kabeji mbichi na pilipili hoho. Kwa sababu hiyo mboga mbichi na ndimu si mapambo katika chakula hiki. Zinafanya kazi, kama vile behewa linavyohitaji injini ya kulivuta. Kwa upande wa pili, chai huzuia madini ya chuma yasiingie vizuri mwilini. Ndugu zangu, najua tunavyopenda chai. Sisemi tuiache, nasema tuiweke saa moja mbali na chakula.

Sitaki nizidishe sifa. Maharagwe hayana kila kitu. Iko vitamini moja, B12, ambayo mimea haina. Twaipata kwa nyama, samaki, mayai na maziwa. Kwa hiyo omena mara kwa mara, au yai, au kikombe cha maziwa, visisahauliwe, hasa kwa watoto na kwa mama mja mzito.

KUNUNUA

Kwanza, maharagwe yote yanafaa: Rosecoco, Mwitemania, Wairimu, na mengine. Chagua yaliyo makavu, yanayong'aa, yasiyo na matundu ya wadudu. Maharagwe yaliyokaa sana ghalani hukawia kuiva, na makaa unayoyachoma zaidi ni fedha yako. Kama makaa au gesi ni haba kabisa, tumia ndengu au kunde, maana hizo huiva upesi.

Pili, nunua kwa mizani inapowezekana. Gorogoro ni kipimo cha zamani sokoni, lakini sote tumeona gorogoro iliyobonyezwa chini mpaka ikawa na tumbo ndani. Mnunuzi hulipa bei ya gorogoro nzima akapewa pungufu. Tazama chini ya kopo kabla hujalipa.

Tatu, na hili ndilo la chama: tununue pamoja. Gunia la maharagwe ni kilo 90. Nyumba 18 zikichangia, kila nyumba hupata kilo 5. Kilo 5 ni nusu kilo mara kumi, yaani milo kumi ya watu sita. Bei ya gunia zima kwa jumla huwa nafuu kuliko bei ya kikombe kikombe pale dukani. Lakini jambo hili lataka uaminifu: mmoja aandike daftari, wawili washuhudie mizani, na kila mtu atoe fedha kabla gunia halijanunuliwa. Mkifika nyumbani yaanikeni juani, kisha myatie katika chombo kikavu chenye kifuniko cha kubana ili wadudu wasipate njia.

Mboga nazo zifuate msimu. Nyanya zikipanda bei, punguza nyanya uongeze kabeji na karoti. Hakuna ndimu? Siki yafaa, na watu wa Mombasa wanaweza kutumia embe bichi lililokatwa vipande vidogo. Sukuma wiki mbichi, ikikatwa nyembamba sana na kusuguliwa kwa chumvi na ndimu mpaka ilainike, huliwa vizuri.

KUPIKA MAHARAGWE

Hapa naomba mnisikilize sana, maana hapa pana hatari ambayo wengi hawaijui.

Maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili. Mtu akila yasiyoiva, hata machache, hutapika na kuharisha vibaya katika muda wa saa chache. Sumu hii huvunjwa na moto mkali wa kuchemsha. Moto hafifu hauivunji. Kwa hiyo mtu anayeweka sufuria juu ya makaa yanayozimika, akaiacha usiku kucha ikiwa vuguvugu, anaweza kupata maharagwe laini yenye sumu bado. Yafuate haya:

1. Chambua maharagwe, toa mawe, yaoshe.

2. Yaloweke katika maji mengi usiku kucha, au kwa saa 5 angalau. Maji hayo yamwage. Kufanya hivyo hupunguza ile gesi ya tumbo inayowafanya wengine wayaogope maharagwe.

3. Tia maji mapya yafunike maharagwe vizuri. Chemsha kwa moto mkali, maji yakitokota kwelikweli, kwa muda wa nusu saa.

4. Baada ya hapo unaweza kupunguza moto mpaka yaive. Kwa maharagwe yaliyolowekwa, kwa kawaida ni saa moja au saa moja na nusu kwa jumla.

5. Usitie nyanya wala ndimu kabla hayajaiva, maana uchachu hukawiza maharagwe kulainika.

Wako wanaotia magadi ili yaive upesi. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu baadhi ya vitamini, tena hufanya maharagwe yapondeke, na saladi yataka kila punje isimame peke yake. Sisi wa reli tunaijua njia ya Magadi inayotoka Konza. Magadi na yasafiri kwa mabehewa, yasiingie katika saladi.

Kwa kuokoa makaa, iko njia ya kapu. Tafuta kapu au sanduku, litandike ndani blanketi kuukuu au majani makavu. Ile nusu saa ya kutokota ikiisha, funika sufuria, itie ndani ya kapu ingali inatokota, uifunike juu kwa blanketi nene. Maharagwe yataendelea kuiva kwa joto lake mwenyewe. Baada ya saa tatu au nne yatoe, uyachemshe tena mpaka yatokote, uonje. Lakini ile nusu saa ya kwanza haina badala.

KUTENGENEZA SALADI

Kwa watu sita tayarisha vitu hivi:

Maharagwe makavu nusu kilo, ambayo yakiiva huwa zaidi ya kilo moja.
Nyanya ngumu 4.
Vitunguu 2.
Karoti 2.
Robo ya kabeji.
Pilipili hoho 1, kama bei yake inakubali.
Fungu moja la dania.
Ndimu 3.
Mafuta ya kupikia vijiko 3 vya mezani.
Chumvi kijiko kimoja kidogo.
Pilipili kali kwa apendaye.

Maharagwe yakiiva lakini hayajapondeka, yachuje. Supu yake usiitupe, itafaa kwa mboga ya kesho ukiiweka mahali pa baridi, au uinywe leo. Tandaza maharagwe katika sinia safi ili mvuke utoke upesi, uyafunike kwa kitambaa safi nzi wasikae. Yakiwa bado na joto kidogo, tia chumvi, mafuta na maji ya ndimu, uyageuze taratibu. Maharagwe yenye joto hunywa ndimu na chumvi mpaka ndani. Yakipoa kabisa hayanywi vizuri, na saladi huwa haina ladha.

Sasa nawa mikono kwa sabuni. Osha mboga zote kwa maji mengi, kisha zisuuze kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya klorini. Msiliruke jambo hili. Mboga mbichi haipiti motoni. Kama imenyunyiziwa maji machafu shambani au sokoni, wewe ndiwe unayekula uchafu huo. Kipindupindu na homa ya matumbo havitambui kama umelipa ada ya chama. Kisu na ubao uliokatia nyama usikatie mboga mpaka uvioshe kwa maji moto na sabuni.

Kata kitunguu vipande vyembamba, kisugue kwa chumvi kidogo, kioshe, ukali utapungua. Toa majani ya nje ya kabeji, iliyobaki ikate nyembamba kama nyuzi. Karoti ikwaruze. Nyanya zikate na kumwaga maji yake ya mbegu ili saladi isiwe kama supu. Changanya mboga na maharagwe, nyunyiza dania, onja, ongeza ndimu ikihitajika. Iache kwa dakika kumi tu, kisha karibisha watu.

Huu si mlo wa kupikiwa na mke peke yake. Wengi wetu jamaa zetu wako nyumbani mashambani, nasi tuko mjini. Mwanamume anayeweza kufungua bolti iliyoshika kutu hawezi kushindwa na kitunguu.

KUCHUKUA KAZINI

Baadhi yetu tunafanya zamu ndefu. Tunaondoka kabla ya mapambazuko, na nafasi ya kula huja saa saba au saa nane mchana. Swali ni hili: je, saladi iliyochanganywa alfajiri yaweza kukaa mpaka wakati huo?

Jibu langu ni hapana, isipokuwa mahali penye friji. Chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje zaidi ya saa mbili, na pale penye joto kali hata saa moja tu. Ndani ya mfuko karibu na injini, au chini ya bati la kibanda cha wafanya kazi, joto ni kali kupita nyumbani. Ndimu husaidia kidogo, lakini si mlinzi wa kutegemewa. Na maharagwe yaliyoharibika hayatoi harufu kila mara.

Fanya hivi. Chukua themosi ya mdomo mpana. Itie maji yanayotokota kwa dakika tano ipate moto, yamwage. Chemsha maharagwe yako mpaka yatokote, yachuje, yatie upesi ndani yake, funga. Katika mfuko mwingine chukua nyanya nzima, kitunguu kizima, karoti nzima na ndimu nzima, zote zimeoshwa na kukaushwa, pamoja na kisu kidogo na chumvi katika karatasi. Wakati wa kula ukifika, nawa mikono, kata mboga, kamua ndimu, changanya na maharagwe yanayotoa moshi. Kazi yake ni dakika tano, na saladi ni mpya kuliko ya hoteli. Kama ukifungua themosi ukakuta maharagwe yamekuwa vuguvugu tu, yasamehe, usiyale.

Tena kwa nyumba isiyo na friji, tengeneza saladi ya mlo mmoja. Saladi haifai kuwa kiporo. Penye friji, ifunike, nayo itafaa kesho yake.

NENO JUU YA MSHAHARA

Sasa nafika mahali ambapo najua baadhi yenu mmekuwa mkiningojea. Mtu atauliza: "Ndugu, ukitufundisha kula kwa fedha kidogo, hutamfundisha mwajiri kutulipa fedha kidogo? Atasema, kama mnaweza kuishi kwa maharagwe, mwaombea nini nyongeza?"

Swali hili ni la haki, na lina historia nyuma yake. Zamani za ukoloni mshahara wa chini mjini ulipigiwa hesabu ya mtu mmoja mseja: chakula chake cha posho, nguo zake, kitanda chake. Mke na watoto hawakuhesabiwa. Walidhaniwa watakula shambani. Mwaka wa 1954 halmashauri iliyochunguza mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bwana Carpenter, ilisema kwamba yapasa mshahara upimwe kwa mahitaji ya mtu pamoja na jamaa yake. Neno hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Wafanya kazi wa Mombasa walikuwa wamegoma mwaka 1939 na tena mwezi wa Januari 1947, na gharama ya maisha mjini ilikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Waliokuja kabla yetu walikataa kuhesabiwa kama matumbo ya watu waseja.

Kwa hiyo nasema wazi mbele ya Mwenyekiti: mlo wa bei nafuu ni akili ya mfanya kazi, si kipimo cha mshahara wake. Mtu akiweza kufunga kiatu chake kwa kamba, si sababu ya kumnyima viatu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kwamba kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa, na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kifungu cha 41 chasema kila mfanya kazi ana haki ya ujira wa haki, na haki ya kugoma. Vifungu hivyo viwili vimekaa karibu katika kitabu, na vikae karibu katika vichwa vyetu.

Lakini tazameni upande wa pili. Mtu aliye na deni katika kila duka la mtaa ni mtu mwenye hofu. Siku ya kusimama pamoja, mwenye duka atakuwa wa kwanza kumgonga mlango. Mtu aliyedhoofika kwa kula ugali na chai tu huugua mara kwa mara, na siku za kuugua husahaulika upesi na wakubwa siku ya kupandisha vyeo. Lakini nyumba yenye kilo tano za maharagwe ndani ya chombo kikavu ina siku kumi za kufikiri bila kutetemeka. Hiyo nayo ni nguvu ya chama, ingawa haiandikwi katika kumbukumbu za mkutano.

Basi ombi langu kwa tawi ni moja, nami naliweka mbele yenu ili mlijadili. Tuanze na gunia moja. Nyumba 18 zijiandikishe, daftari lifunguliwe, mashahidi wawili wa mizani wachaguliwe. Tukiona faida mwezi wa kwanza, tuendelee. Tukiona hasara, daftari litatuonyesha ilipotokea. Na fedha tutakazookoa, kila mtu aamue mwenyewe: karo ya mtoto, au deni la duka, au mchango wa chama uliochelewa, ambao Mweka Hazina ananitazama sasa nisiache kuutaja.

Mwenye swali juu ya kupika, au juu ya gunia, na aulize sasa.